Baba Mkwe, Chuo Kimenipitisha Bila Kuniuliza

Kwako Baba,

Leo navunja mila. Miaka yote niliyoolewa kwenu Kisondela sikuwahi kukwambia neno lolote uso kwa uso, wala wewe hukuwahi kuniambia. Sasa nakuandikia, nakuita "wewe" kama ninavyowaita walimu wenzangu ofisini, na barua yenyewe nimeiacha wazi ili kila mwenye macho aisome. Wazee watakaoninunia na waninunie. Nina hasira, Baba, na nimetafuta mtu mwingine wa kumpelekea hasira hii nimemkosa.

Atakayeisoma huenda hajui ukwe wa Kinyakyusa ulivyo. Hata mimi sikuujua. Mimi ni Mnyiramba wa Singida, nililetwa Tukuyu na ajira ya ualimu, nikakutana na Ipyana wako, tukapendana. Siku ya kwanza aliponileta nyumbani nilikukuta unapalilia migomba. Nikakufuata mbiombio na tabasamu la binti aliyelelewa vizuri, nikapiga goti, nikanyoosha mkono. "Shikamoo Baba!" Uliniangalia mara moja tu. Halafu ukatupa jembe ukakimbilia ndani ya migomba, mtu mzima, mwalimu mkuu mstaafu, kofia imebaki chini. Nilidhani umeona nyoka. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Hapo ndipo mwanao akakumbuka kunieleza kwamba kwenu mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Ndivyo alivyo Ipyana, mambo huyakumbuka yakishaharibika.

Vijana wengi siku hizi wameilegeza mila hiyo. Wewe hukuilegeza hata kidogo, nami nikaizoea. Nilijua kikohozi chako, nilijua mlio wa mabuti yako kwenye kokoto, nilijua ukipita nyuma ya nyumba yangu asubuhi kwenda kuangalia ng'ombe. Uso wako nilikuwa nimeuona siku ile ya jembe, basi.

Kusoma shahada ya uzamili lilikuwa wazo langu. Chuo kilikuwa kimefungua kituo pale mjini, masomo ya Jumamosi kwa watu wa kazini. Darasa letu la kwanza lilienea kwenye meza moja. Dokta aliyetufundisha alikuwa mama mmoja mwembamba aliyepanda basi kutoka makao makuu ya chuo. Alifika koti limelowa na mvua yetu isiyokwisha, akaanza kuuliza maswali kabla hajakaa. Ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Niliandika tasnifu kuhusu kata yetu, watu wanavyong'oa migomba na kupanda miparachichi, na chakula cha nyumbani kinavyobadilika pale mama anapobaki hana mkungu wa kukata bila kumwomba mtu.

Jumamosi jioni nikirudi na bodaboda nilikuwa naingia jikoni kwa Mama, tunamenya ndizi, namsimulia niliyojifunza. Jiko lile la mianzi, ukuta wake unapitisha moshi na maneno pia. Siku moja, katikati ya maelezo yangu, sauti yako ikatoka upande wa pili wa ukuta, kwa lafudhi yenu inayogeuza z kuwa s na v kuwa f.

"Mwulise mwensio, hao wanawake aliwahoji waume sao wakiwepo au hawapo?"

Mama akanigeukia, kisu mkononi. "Anauliza, wakiwepo au hawapo?"

"Nimemsikia, Mama."

"Usiseme umemsikia! Nijibu mimi."

Nikamjibu yeye. Waume walikuwepo wengi wao. Ukaguna. Jumatatu yake nikaanza kurudi nyumba kwa nyumba, safari hii nikichagua saa ambazo wanaume wako kwa wanunuzi wa parachichi, na majibu yakawa mengine kabisa. Tangu hapo ulileta kiti chako chini ya upenu kila Jumamosi, mgongo umeegemea ukuta uleule nilioegemea mimi kwa ndani, na Mama yuko mlangoni anatupa maneno huku na huku. Alikuwa anachoka. "Ninyi wawili mnanifanya mpira," alisema. "Mambo yenyewe siyaelewi, mate yananikauka bure."

Wasinielewe vibaya, hukuwa mzee wa busara za kutisha. Ulikuwa mbishi. Ulishikilia kwamba miparachichi ndiyo iliyokausha chemchemi za bondeni, na mimi nilizunguka chemchemi hizo na kuhoji watu mpaka viatu vikaachia soli, nisipate ushahidi. Nilipomwambia Mama hivyo, kwa sauti ya kukutosha wewe, ulinyamaza Jumamosi mbili nzima. Ya tatu yake ukasema, "Mwambie hakutafuta fisuri." Kesho yake nikakuta mkungu mzuri umewekwa mlangoni kwangu, na hakuna aliyekubali kuwa ameuleta. Nilimpikia mjukuu wako Lugano ndizi zile kwa wiki nzima.

Kisha bajeti ya chuo ikakatwa.

Hapo sitamsingizia mtu. Mratibu wa kituo, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyepumzika, alituita akatueleza kwamba fedha za serikali zimepungua na chuo sasa kinatakiwa kijiendeshe chenyewe. Nilimwamini na bado namwamini. Sikujua tu kwamba "kijiendeshe chenyewe" maana yake kitaendeshwa na sisi. Ghafla kila nguzo ya umeme kutoka Msasani yetu ya Tukuyu hadi stendi ikabandikwa tangazo la uzamili. Redio ikatangaza. Watu wakaja, na wakaja tena, mpaka meza yetu ikaachwa tukahamia ukumbi wa harusi, mapambo ya bibi harusi wa jana bado yananing'inia, mhadhiri anazungumza kwa spika na walio nyuma wanapata mwangwi. Mpango wa uzamili umekua, walisema, na picha zikapigwa.

Umekua nini, Baba? Mtoto akivimba tumbo tunasema amekua? Sina ugomvi na waliokuja. Nesi aliyekuwa akitoka Kinyala alfajiri, nusu njia kwa miguu na nusu kwa bodaboda, alikuwa na haki ya kuulizwa maswali na Dokta kama mimi. Lakini Dokta hakuwepo tena. Wanafunzi walipoongezeka, wahadhiri wa mkataba walipunguzwa, na yeye alikuwa wa mkataba. Alinipigia simu akiwa anafungasha vitabu vyake. "Mwalimu, usikubali wakupitishe kirahisi," aliniambia, na mimi nikacheka, nikidhani ananitania.

Nilipewa msimamizi mwingine ambaye sijapata kumwona mpaka leo. Barua pepe yake ya kwanza iliniita Bwana.

Niliendelea kwa sababu kulikuwa na utetezi wa tasnifu mbele, siku ya kusimama mbele ya watahini na kuulizwa. Wewe ndiye uliyeukamia kuliko mimi. Chanzo ni bwana shamba mmoja wa darasa letu, aliyetetea tasnifu yake wa kwanza pale kituoni, ukumbi uko wazi kwa yeyote. Nilikuja nikamsimulia Mama jinsi mama yake mzazi alivyokaa mbele na kitenge kipya, asielewe Kiingereza hata kidogo, akapiga vigelegele wakati mtahini ndiyo kwanza anamgombeza mwanawe kwa jedwali lililokosewa. Tulicheka sana jikoni. Nyuma ya ukuta hukucheka. Ukauliza, "Watu wa nyumbani wanaruhusiwa kuingia?"

"Wanaruhusiwa," nikamwambia Mama.

"Hata mimi?"

Mama hakulirudia swali hilo.

Niliyajua mengine kwa vipande vipande. Kwamba ulikwenda kwa mchungaji, naye akasema mambo ya ukwe siyo idara yake. Kwamba uliwaendea wazee wa ukoo na hoja yako umeipanga kama mwalimu mkuu: nyumbani wewe ni mkwe, lakini ukumbini wewe ni raia anayesikiliza, na mimi si mkaza mwana, ni mtahiniwa, na mtahiniwa anatazamwa. Wazee walibishana. Mmoja akasema ukae nje, dirishani. Ukakataa. Wakakupa mstari wa nyuma kabisa. Ukadai macho yako hayafiki. Mkavutana hadi mkafika mstari wa tatu, na hapo wakakata shauri kwamba mstari wa tatu hauna dhambi. Wewe ambaye Ipyana alikubembeleza miaka ukapime macho ukagoma, ulipanda bodaboda mwenyewe ukaenda kutengeneza miwani.

"Mwambie ajiandae," ulimtuma Mama. "Mimi nimeshapata kiti."

Baba, sijawahi kujiandaa kwa jambo lolote namna ile. Siyo harusi yangu, siyo usaili wa ajira. Nilikuwa nasimama jikoni natetea mbele ya masufuria, na wewe nje unanipiga maswali, na Mama amekwisha acha kuyarudia, amekaa zake anachambua mchicha, anatuacha tukiuke mila. Tulikuwa tunakiuka, tulijua, hakuna aliyesema. Nilijua kuna siku moja tu duniani iliyohalalishwa ya kusimama wima mbele yako ukaniona mimi ni nani. Niliitaka siku hiyo kuliko cheti.

Ujumbe wa chuo ulikuja kwenye simu nikiwa stafurumu, nasahihisha. Sera mpya ya masomo ya juu. Kwa kuzingatia ongezeko la wanafunzi na ufinyu wa bajeti, utetezi wa ana kwa ana umefutwa kwa ngazi ya uzamili. Tasnifu itasomwa na wasahihishaji na matokeo yatatumwa kwa mfumo. Walimu wenzangu niliosoma nao uzamili walishangilia. Kweli, Baba, kuna waliopiga makofi. Mmoja alisema, "Tumepona." Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu mpaka kengele ikalia.

Nilikwenda kituoni nikamkuta mratibu kazungukwa na watu wanaosubiri kujiandikisha. Nikamwomba saa moja tu. Mtahini mmoja, hata yeye mwenyewe, viti vichache. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Mwalimu, nikikufungulia wewe, hawa wote nitawafungulia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Si ndiyo kazi yenu?"

"Watahini wa nje wanalala wapi, wanakula nini? Hakuna fungu. Na wewe utafaulu tu, usijali."

Utafaulu tu, usijali. Nilitamani kumrushia kiti.

Jioni ile nilimwambia Mama, na Mama safari hii akatoka nje akakwambia mwenyewe, taratibu, kama anayetoa taarifa ya msiba. Niliweka sikio kwenye mianzi. Ukauliza, "Kwa hiyo hakuna ukumbi?" Akasema hakuna. Nikasikia unakunja kiti chako.

Na hapa hasira yangu inakugeukia wewe, kwa hiyo nivumilie. Nilipendekeza tufanye utetezi wetu kanisani hapo Kisondela. Kinamama wale niliowahoji wangekuja wote, Dokta angekuja kwa nauli yake, aliniambia hivyo. Ukakataa. "Mwambie mimi siendi kwenye igiso." Wazee walikuruhusu ukumbi wa chuo, si kanisa, kanisani wewe ungekuwa baba mkwe palepale. Mama alikusihi, Ipyana alikupigia simu kutoka kazini kwake mbali, na wewe ukang'ang'ania sheria yako kama uliyoitunga mwenyewe. Ungekubali, Baba! Nani angekufunga? Mtu anayekubali mstari wa tatu baada ya kuanzia dirishani angeshindwaje kuwasogeza wazee tena kidogo? Nilikaa wiki nyingi nimekukasirikia, naingia jikoni simulizi hakuna, namenya ndizi kimyakimya. Nawe nyuma ya ukuta hukuja.

Mwezi wa saba baridi ikaingia kifuani mwako. Ilikuwa haraka. Ipyana alipofika hakukukuta.

Matangani, kabla jeneza halijafungwa, wazee walijadiliana pembeni, kisha mmoja wao akaja akamnong'oneza Mama, na Mama akanishika mkono. "Wamesema mwangalie." Kwa hiyo nilikuona. Walikuwa wamekuvisha miwani. Sijui nani aliyefikiri kukuvisha miwani. Nilisimama mbele yako wima, bila kupiga goti, nikakuangalia kadiri nilivyotaka, na wewe ndiye hukuniona. Waliokuwepo watakwambia nililia. Nilikuwa na hasira, nataka kupiga kitu, na hapakuwa na kitu cha kupiga.

Matokeo yalikuja tukiwa bado tumelala chini kwenye mkeka. Umefaulu. Hongera. Chini yake, maoni ya msahihishaji: niongeze maelezo kuhusu aina za mihogo na soko lake. Mihogo, Baba! Katika tasnifu yangu yote hakuna muhogo hata mmoja. Alisoma ya mtu mwingine akanipa mimi maoni yake, au hakusoma yoyote, na mahali fulani kuna mwenzangu wa mihogo ameambiwa aongeze migomba. Nikamwandikia msimamizi wangu. Akajibu siku ileile, jambo ambalo hajawahi kulifanya: "Umeshapitishwa, huna haja ya kurekebisha."

Sasa sikiliza walichofanya juzi. Mratibu amenipigia simu. Wanafunzi wameongezeka tena, wasimamizi hawatoshi, na chuo kimeamua wahitimu wake wa karibuni wawe wasimamizi wasaidizi. Amenipangia kundi, yumo na yule nesi wa Kinyala. Mimi! Mtu ambaye hakuna aliyemuuliza swali hata moja kama anajua alichoandika. Nikamwambia nitawachukua kwa sharti moja, kila mmoja atasimama, mbele ya watu, na watu wake wa nyumbani waitwe, aulizwe mpaka ashibe. Akasema sera hairuhusu.

"Basi nitafanya nje ya sera."

"Mwalimu, watakuondoa."

"Waniondoe. Ila wao waniondoe ana kwa ana."

Alicheka kidogo, maskini, halafu akakata simu. Bado sijajua kama nimeondolewa. Nesi wa Kinyala nimemwambia aje Jumamosi na sura ya kwanza ya tasnifu yake, na aje na mume wake, na wakwe zake wakitaka. Ameniuliza kama ni lazima. Nimemwambia ndiyo, na nimeshamuuliza maswali matatu kwa simu, mawili amekwama, na nadhani ameanza kunichukia. Sawa.

Mama anakusalimu. Juzi tulikuwa tunaondoa majivu, akasimama ghafla akajipiga paji la uso. Akasema siku ulizokuwa unaumwa ulimpa swali la kunifikishia, akasahau kulileta, mambo yalikuwa mengi. Nikamwambia alete. Alilitoa kama alivyolipokea, na s zako zote ndani yake: "Mwulise, hao watu wa chuo wanaogopa nini kumsikilisa?"

Nimekaa nalo, Baba, na sitamjibu Mama. Nakujibu wewe.

Hawaogopi. Ingekuwa woga ningewahurumia. Kunisikiliza kungewachukua saa moja, na katika saa hiyo ukumbi unaweza kujaa watu wapya wa kujiandikisha, wakapata cheti kama nilivyokipata mimi, kwa kutoonwa. Wewe hukuruhusiwa kunitazama, ukakaa kwenye baridi ya upenuni ukanisikiliza. Wao waliruhusiwa kunitazama na kunisikiliza, na hawakufanya hata kimoja.

Lala, Baba. Mimi silali kwanza, nina kazi.

Mkaza mwanao,
Mama Lugano